Mwanabibi na Magoti ya Shahida

Mwanabibi binti Shukri bin Athmani, mkandaji wa Mambrui. Nyanyake alikanda wanawake waliojifungua wa mitaa miwili. Mamake alilirudisha mahali pake bega la fundi mwashi, na yule fundi akapanda ngazi mwezi huohuo. Yeye mwenyewe amenyoosha viuno na shingo zisizo na idadi, hata watu wa Ngomeni humfuata kwa bodaboda. Mimi ni jirani yake tangu usichana wetu, na katika yote aliyoyatenda, nitasimulia hili la magoti ya Shahida.

Shahida alifiwa na mumewe mwaka juzi, akakaa eda, miezi minne na siku kumi kama ilivyo sheria yetu. Lakini wifi yake alimwambia, naye akaamini, kwamba mjane wa heshima hukaa mkekani pembeni mwa chumba, ametulia tuli, asiinuke ila kwa choo na sala. Chakula akaletewa palepale, maji palepale. Ulipoingia mwezi wa tatu magoti yakagoma. Akawa anasali kitako, na kwenda msalani ni mpaka ashikwe makwapa na watu wawili.

Amin, mwanawe aliyeko Nairobi, akapiga simu. "Mama, eda ikiisha nikikukuta hivyo, nakuchukua. Nyumba tutaifunga."

Shahida alilia kuliko siku ya maziko. Nyumba ile ndimo alimozalia watoto wake wote. Leo aende akakae ghorofa ya tano, asikomjua mtu?

Akamwita Mwanabibi. Sote tulidhani atatoa chupa ya mafuta aanze kukanda. Hakuitoa. Aliyapapasa magoti asikie kama yana joto au uvimbe, akayakunja kidogo, akaondoka. Kumbe amekwenda zahanati kwa Phineas, yule kijana wa bara anayetibu viungo. Mwanamke mwenye jina kama lake akaenda kuuliza! Wangapi wangekubali? Aliporudi alikuwa na dodoki na bakuli la maji.

"Shahida, hebu tazama," akasema, akilibana dodoki ndani ya maji na kuliachia. "Ncha za mifupa yako zimevikwa gegedu, mfano wa hili. Na ndani ya goti mna ute, wateleza kama ute wa yai. Ukikanyaga, gegedu hubanwa likatoa maji yake. Ukiinua mguu, hunyonya tena. Ndivyo mifupa ipitavyo bila kukwaruzana. Sasa wewe hukanyagi, huinui. Ute umelala."

"Basi nikande."

"Mafuta yangu hayafiki huko ndani. Ute huo hauzungushwi na mtu ila wewe mwenyewe."

Wifi akadakia, "Mjane atembezwe kama mbuzi wa mnadani? Na eda je?"

"Eda imemfungia mlango wa nje, bibi. Kutoka chumbani hadi uani nani kamfungia? Au ulitaka tumzike pamoja na mume?"

Wifi akatafuta buibui lake.

Tangu hapo, kila baada ya sala ya alfajiri, Mwanabibi alikuwa pale. Kwanza kukunja na kunyoosha Shahida akiwa amelala, mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Kisha kusimama kwa kushika ukuta. Kisha hatua tatu, kisha mpaka uani.

"Shoga, wewe ni askari jela!" Shahida alipiga kelele.

"Tukana, lakini kunja."

Wiki ya pili alitembea akiupapasa ukuta kwa mkono mmoja. Wiki ya tano alisujudu, paji la uso chini, akakaa hapo muda mrefu mpaka tukaogopa.

Eda ilipoisha Amin akaja na sanduku tupu la kupakia nguo za mamake. Alipiga hodi, mlango ukafunguliwa na mama mwenyewe. Kijana wa watu alichungulia nyuma yake kutafuta aliyemshika. Hakuwapo mtu. Sanduku lilirudi Nairobi limejaa mabumunda aliyoyapika mama mwenyewe.

Tulipomsifu Mwanabibi, yeye alimgeukia Shahida.

"Bi Zuhura wa mtaa wa pili ameingia eda jana. Mkeka wameshamtandikia pembeni. Mimi nikienda watasema natafuta kazi ya kukanda, lakini wewe watakuamini. Nenda kesho alfajiri ukamwinue, kabla hajazoea."