Kahawa ya Deo Kileleni



Leo klabu yetu ya kupanda milima imetimiza miaka kumi. Tukakutana tena kileleni mwa mlima ule ule, hapa kwetu Nyaishozi.

Kaka Deo, mwenzetu wa klabu, naye akaja. Mwaka jana nilimwacha huko juu kwenye ukungu, nikashuka peke yangu. (Najua, najua.) Tangu siku ile hajanisalimia.

Nikapitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna. Huku kwetu ukiikataa, umetangaza ugomvi.

Kikamfikia Deo.

Akachukua punje moja, akaipasua kwa meno, nusu akanipa mimi.

Nikatafuna.

"Tunashuka," akasema. "Tangulia wewe. Leo nataka nikuone."

Nimeshuka mlima mzima bila kugeuka.

Jamani, nimesamehewa?