Fito za Mama

Televisheni ya huku kwetu kaskazini ilipoanzisha kile kipindi cha nyumba za zamani, walianza na maduka ya mawe ya Isiolo mjini, yale yenye baraza mbele, na wiki iliyofuata mtangazaji akabisha hodi kwangu. Alikuwa kijana mpole kutoka upande wa Meru. Alitaka nyumba ya Waborana, ile ya fito na mikeka inayohama juu ya ngamia, na alikuwa ameshaleta mafundi wawili wa kuijenga. Wanaume, na mfuko wa misumari.

"Misumari ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kujengea, mama."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke na ni mali yake; mume ni mgeni tu humo ndani. Hufungwa kwa kamba ili ifunguke siku ya kuhama. Ukiipiga msumari umeiua. Niliwapa mafundi chai wakae kivulini, nikaenda kumwita mama yangu, ambaye alikuwa amepita miaka themanini lakini mikono yake bado ilikuwa na akili.

Sikukubali kwa kupenda historia, niseme ukweli. Nilikuwa na kinyongo. Desturi yetu ni kwamba binti akiolewa, mama hung'oa sehemu ya fito za nyumba yake mwenyewe na kumpa, aanze nazo. Mimi niliolewa bila ufito hata mmoja. Mama mkwe wangu alisema mbele ya wageni, "Mkono mtupu haulambwi," na wanawake wote wakacheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimezaa, nimepata wajukuu, na kicheko kile bado nakisikia. Aliyesema yaliyopita si ndwele hakuolewa namna ile. Nyumbani kila mtu alijua nyumba ya mama ilichomwa na askari wa serikali wakati wa vita vya Shifta miaka ya sitini, na hakupata fito nyingine tena, nami nilitaka kulisema hilo kwenye televisheni, kaskazini yote isikie ni nani aliyenipeleka kwa wakwe mikono mitupu.

Kamera ikawashwa. Mama alikuwa amechimbia fito nne uani na anakunja wa tano. Mtangazaji akaniuliza mimi kwanza, kwa kuwa mama hakujua Kiswahili cha kutosha na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Nikaeleza kama nilivyosimuliwa. Kwamba tulitolewa Biliqo tukaletwa Merti, tukawekwa ndani ya ua wa seng'enge pamoja na watu wengi. Kwamba ngamia wetu walipigwa risasi, na nyumba isiyo na ngamia haina pa kwenda. Wazee wanauita wakati ule Daaba, yaani kusimama. Mwanamke hakuruhusiwa kutoka hata kutafuta kuni, na waliojaribu, wengine hawakurudi.

"Na nyumba yetu," nikasema nikiitazama kamera vizuri, "askari waliichoma."

Neno askari mama analijua. Neno kuchoma pia analijua. Mikono yake ikasimama.

"Hapana," akasema kwa Kiborana. "Niliichoma mimi."

Nilidhani uzee. Lakini aliendelea kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama chai imeiva. Mvua zilikuja, akasema, na mimi nilikuwa mdogo, sijatimiza miaka mitatu, kifua kimenibana na mwili unatetemeka. Kuni ndani ya ua zilikuwa zimekwisha. Akatoa ufito mmoja nyuma ya nyumba, akachemsha maji, akanikanda, akaniweka karibu na moto. Kesho yake akatoa mwingine. Akaendelea hivyo mpaka nyumba ikainama, na siku nilipoanza kuomba uji kulikuwa hakuna nyumba tena, tulikuwa tumekaa chini ya mkeka. Majirani waliona wakanyamaza, maana kwetu mwanamke kuchoma fito za nyumba yake ni aibu kubwa. Baadaye watu waliposema ni askari, hakuwakatalia.

"Walikuwa wamechoma nyingi," akasema. "Moja zaidi haikuwalemea."

"Mbona hukuniambia?" Sauti yangu ilipanda, na kamera ipo. "Siku ya harusi yangu, wanawake wale wakinicheka, mbona ulikaa kimya?"

"Ningewaambia wakwe zako nini? Kwamba umetoka kwa mama aliyechoma nyumba yake?"

"Ungeniambia mimi."

Akanitazama, bado ameushika ule ufito wa tano aliokuwa anaukunja.

"Wewe fito zako nilikupa, mwanangu," akasema. "Nilikupa mapema, basi. Nilikupa zote."

Mtangazaji akasogea karibu yangu. "Nyanya amesema nini, mama?"

Miaka yote ile nilikuwa nimeshika kinyongo kwa ajili ya miti iliyonipasha moto nikapona. Nilimwomba kijana azime kamera, naye akazima bila kuuliza tena. Kisha nikapiga magoti mchangani kando ya mama, nikaushika ufito upande wa pili, maana ule mti ulikuwa unataka kunyooka.