Sufuria Iliyorudi Tupu

Nyumba ile ya mbao, vyumba viwili, marehemu mume wangu aliijenga kando ya kwetu hapa Muheto ili akishatangulia nisiwe wa kuombaomba chumvi kwa watu. Aliwaza vizuri. Hakuwaza tu kwamba siku moja nitalazimika kumtoa mtu ndani yake.

Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa mfugaji aliyekimbia vita akabaki na ng'ombe mmoja. Mke wake alikuwa ametoka kujifungua hospitalini, Kirotshe. Miezi sita hawakulipa kodi. Lakini kila asubuhi yule baba aliniwekea mlangoni sufuria ndogo ya maziwa. Niliyatia kwenye chai, nikaiosha sufuria, nikairudisha. Nilijiambia hizo ni salamu za jirani, na kodi ni kodi. Kichwa changu ni kigumu, sikatai.

Siku ya kuwatoa nilimwita chefu wa kijiji, kisha nikaung'oa mlango mwenyewe, kama wenye nyumba wanavyofanya kwetu, maana hakuna anayelala na mtoto mchanga nyumba ikiwa wazi. Nikauegemeza ukutani. Moyoni sikusikia kitu.

Mpangaji hakubisha. Aliuliza tu, "Mama, maziwa ilikuwa mubaya?"

"Hapana, Papa. Ilikuwa muzuri."

Chefu akanigeukia. "Kasufuria ulikuwa unamurudishia na nini ndani?"

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unatia viazi viwili, maharagwe kidogo, chochote, ili zawadi ijibiwe kwa zawadi. Nimefanya hivyo tangu utotoni. Sufuria ya huyu peke yake niliirudisha tupu, kwa sababu alikuwa na deni langu.

"Ndani hamukuwa kitu," nikasema.

"Basi njo vile alikuwa analipa. Na wewe ulikuwa unapokea."

Misumari ilikuwa mfukoni mwangu, nyundo mkononi. Kuurudisha mlango hakungechukua muda. Nilijua nimekosa, hata aibu niliiona, lakini kwa mbali, kama ya mtu mwingine. Mkono haukuinuka. Chefu alingoja, kisha akatazama pembeni.

"Tunaenda, Mama," mpangaji akasema. "Nyumba iko ya kwako."

Mke wake akamfunga mtoto mgongoni, wakashika njia, ng'ombe mbele.

Kesho yake asubuhi nilichemsha chai, nikafungua mlango wangu kuchukua maziwa. Nilikuwa nimeshainama.