Kiolezo cha Maziwa kwa Wauza Asali

Tulikuwepo mimi na mtoto mgongoni, mama mwenyekiti wa kikundi chetu cha asali Usinge, mnunuzi kutoka Nzega, na kijana mtaalamu wa kompyuta. Kijana akatuwashia skrini ya taarifa za biashara, iliyotengenezwa kwa kiolezo chake, muundo wa kujazia takwimu. Kiolezo hicho, alijigamba, kinamfaa kila mteja. Alianza kukiuza kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Ziba.

Skrini nzima ilikuwa nyekundu.

“Mbona hasara tupu?” mnunuzi akauliza, akifunga mkoba.

“Mizinga haijatoa kitu leo asubuhi. Wala jana jioni,” kijana akasoma kwenye skrini, akikohoa.

“Mwanangu, nyuki hawakamuliwi,” mama mwenyekiti akasema, akimsogezea maji ya kunywa.

“Mama, mfumo haukosei.”

Sisi hata nguo ya mtumba tunampimia mtoto kwanza.

Mnunuzi aliondoka bila asali. Mtaalamu aliondoka na chupa nzima, aliyopewa na mama mwenyekiti kwa ajili ya kikohozi chake.