Jina Langu Lote

Harufu ya chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juu ya mchanga, ndiyo iliyonirudisha nyuma. Ilikuwa juzi tu, pale sokoni Nchelenge, jua limeshapanda na harufu imekuwa nzito mpaka unaionja ulimini. Mwanamke nisiyemjua aliinama akamuuliza binti yangu jina. Mtoto akajibu haraka, kwa furaha, na jina la ukoo akaliongeza bila kuulizwa. Nikaona mkono wangu umemshika bega kwa nguvu. Yule mwanamke alikuwa anauza samaki tu. Lakini nilimtazama machoni kwa muda, nikitafuta alichokuwa anataka.

Mkono ule nimeurithi kwa mama.

Tuliishi watatu, mama, mimi na nkambo, yaani nyanya yangu mzaa mama, katika makazi ya wakimbizi si mbali na ziwa. Tulikuwa tumevuka kutoka Kongo nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo safari yenyewe siikumbuki. Ninachokumbuka ni sheria moja tu ya nyumbani. "Mutu akikuuliza jina, unyamaze," mama alikuwa akisema huku ananisuka. "Hata akikupa mukate, kula mukate, lakini unyamaze." Nilikula mikate mingi ya watu kwa ukimya huo; majirani walinijua kwa Mado tu.

Kisha nikapelekwa kwenye darasa la watoto wadogo, chini ya paa la nyasi kando ya kanisa. Mwalimu wetu, Ba Monika kama tulivyomwita kwa heshima, alikuwa Mzambia wa familia ya wavuvi kutoka Kafutuma. Kibemba ndicho kilichokuwa chake. Kiswahili alikijua cha kuuzia samaki, na alitusemesha hivyo hivyo, kana kwamba sisi sote tumekuja kununua kitu. Tulimpenda. Mimi nilimpenda mpaka siku alipoanza kuja nyumbani kwetu.

Alikuja jioni, akaketi na mama karibu na jiko, wakaongea kwa sauti ya chini. Nilipokaribia walinyamaza. Kesho yake mama akaniambia nifunge vifungo vya gauni mwenyewe. Darasani, Ba Monika naye akaleta shati kuukuu tujifunze kufunga vifungo. Mama akataka nioge bila kusaidiwa, ninawe mikono, nikae kimya mtu mkubwa akiongea. Na kila neno lake nililisikia tena kinywani mwa mwalimu. Nikajua wamepatana.

Wamepatana nini? Hilo sikuhitaji kuambiwa. Jirani yetu alikuwa na binti, Rozi, mkubwa kidogo kuliko mimi. Alifundishwa kuosha vyombo na kukunja nguo zake, akavishwa vizuri, akapelekwa Chienge kukaa na shangazi yake. Hakurudi. Kwa hiyo nilianza kufunga vifungo vikipishana kwa makusudi, nikitumaini kwamba mtoto asiyejua kuvaa hachukuliwi na mtu. Mama alivifungua akavifunga upya, na hilo lilinitia shaka zaidi.

Halafu likaja la jina. Asubuhi moja mama aliniambia, bila kunitazama, "Mwalimu akikuuliza jina, umuambie." Nikaona ni mtego. Mtu aliyenikataza maisha yangu yote anawezaje kubadilika ghafla? Darasani tuliimba wimbo ambao kila mtoto hutaja jina lake. Zamu yangu ilipofika niliangalia miguu yangu. Wenzangu walicheka. Ba Monika hakucheka, akaendelea na mtoto mwingine.

Jioni alikuja tena. Nilijibanza nyuma ya ukuta, nikasikiliza.

"Mama Mado," alisema, "kule ku masomo ya bakubwa batamuuliza jina yake yote. Akinyamaza, batasema hajakomaa, angoje kwanza."

"Na wewe unatafuta jina yote ya mutoto wangu ya nini?" mama akamjibu.

"Mimi hapana tafuta kitu. Nataka mutoto aingie pamoja na benzake."

Mama akarudi kwenye maharage yake. Nilisikia Ba Monika anabaki tu pale, anamsaidia kuchambua maharage.

Siku ya kwenda kuiona shule kubwa, wazazi walitusindikiza, Ba Monika mbele. Mwalimu wa gredi ya kwanza, mwanaume mrefu mwenye chaki vidoleni, alichuchumaa mbele yangu akaniuliza jina kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili. Niliminya midomo. Nikamtazama mama. Midomo yake ilikuwa imeminywa kama yangu. Ba Monika alimgusa kiwiko.

"Mimi njo Feza," mama alisema. "Feza Ngoie. Nilizaliwa Pweto. Huyu ni mutoto wangu."

Sikuwahi kulisikia jina hilo. Kwangu na kwa majirani wote yeye alikuwa Mama Mado, basi. "Mwaiseni, ba Feza," mwalimu akasema, akimkaribisha, na hakuna kitu kibaya kilichotokea. Nilingoja kidogo nihakikishe. Ndipo nikasema langu lote: Mado Ilunga.

Ilunga lilikuwa jina la baba. Nilikuwa msichana mkubwa nkambo aliponieleza kwamba njiani, tukikimbia, watu wenye bunduki walitusimamisha wakauliza majina, mmoja mmoja. Baba alitaja lake. Wakamvuta pembeni, wakatuambia sisi wengine tuendelee kutembea.

Vifungo nilivijua ndani ya siku chache, na kunawa nilikujua tangu zamani. Siku hizi nikifikiria jioni zile, maharage yale, na mwanamke yule wa Kafutuma aliyekuwa anarudi hata baada ya kujibiwa vibaya, naona kwamba aliyekuwa anakuja kumwandaa si mimi, ni mama.