Damu Haikingwi Hivyo

Harufu ya petroli siivumilii. Vituo vya mafuta vya Dodoma siku hizi vina taa kali na maduka yanayouza hadi keki, lakini mimi nikifika hapo hupandisha vioo vya gari nikaongea na mhudumu kwa ishara. Watoto wangu hunicheka, wanasema mama ana maringo. Sijawahi kuwaeleza sababu, kwa hiyo wewe msomaji wangu ndiye wa kwanza kuisikia. Inaanzia kwenye filamu, tena filamu mbovu kupindukia.

Nilikuwa darasa la nne. Nyumbani kwetu kulikuwa Chang'ombe, hapahapa Dodoma, lakini mama alikuwa afisa mifugo, na likizo ile alinichukua hadi kijiji kimoja cha upande wa Mpwapwa ambako ng'ombe walikuwa wakitupa mimba ovyo. Kazi yake ilikuwa kuwatoa damu shingoni kwa sindano ndefu, kuitia kwenye vichupa, na kuvipanga ndani ya kisanduku cha barafu vipelekwe maabara. Mimi nilibeba kisanduku na kufukuza nzi.

Kijijini hapo palikuwa na kibanda cha video cha kijana aitwaye Frenki. Madirisha aliyaziba kwa magunia, jenereta ikinguruma nje, na ndani tulikaa kwenye magogo tukinusishana majasho. Asubuhi watoto walicheza gemu, mchana zikaonyeshwa filamu, naye Frenki akasimama kando ya televisheni akitutafsiria mambo ambayo, nina hakika, mengi hayakusemwa na mtu yeyote mle ndani.

Siku moja akatangaza kuwa ameleta filamu iliyotengenezwa kutokana na gemu la dada mwenye shoka, nusu mtu nusu mnyonya damu. Gemu hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Ukimng'ata adui shingoni, mstari wako wa uhai unajaa tena, na mimi kule Chang'ombe niliwahi kuwatoa jasho wavulana wakubwa. Nikatamba kijiji kizima. Watu wakajaa kibandani hadi mlangoni.

Aibu niliyoipata! Dada wa kwenye gemu aliruka mapaa. Huyu wa filamu alikimbia kama mtu aliyeazima viatu. Vichwa vilikatwa vikadunda kama mipira. Mikono iliruka, matumbo yakapasuliwa, damu ikarushwa kwa ndoo, nyekundu ya juisi. Frenki aliwaita wale viumbe mumiani, ili tuwaelewe, maana kila mtu pale alikwisha kutishwa na mumiani tangu utotoni: wageni wanaokamata watoto na kuwakamua damu wakauze.

Aliyeiua kabisa filamu ile ni Baba Yusta. Alikuwa mfugaji, ana ng'ombe wengi na mdomo usiotulia, na gogo la mbele lilikuwa lake.

"Damu haikingwi hivyo!" alipaza sauti. "Inamwagika yote, hata kibuyu hawana! Hawa wamefundishwa na nani?"

Kibanda kizima kikavunjika mbavu. Wagogo wa pale walijua anachosema. Ng'ombe hupigwa mshale mfupi shingoni, damu ikakingwa kwenye kibuyu, jeraha likazibwa, mnyama akarudi malishoni, na ile damu ikawa chakula. Watu wakazomea. Vijana wawili wakatwangana makonde kwa sababu mmoja wao, peke yake duniani, alikuwa ameipenda filamu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeiamini. Nataka ulikumbuke hilo.

Siku ya mnada tuliamkia zizini kwa Baba Yusta. Yeye aliwashika ng'ombe pembe, mama akatoa damu, nami nikapanga vichupa. Kazi ilipokwisha tukakatisha mnadani kuelekea kwenye pikipiki ya mama. Hatukujua kwamba mtoto wa mama mmoja muuza pombe hakuonekana tangu alfajiri.

Kijana mmoja alitazama kisanduku. Akauliza kuna nini. Mama, asiye na la kuficha, akafungua akamwonyesha.

"Damu! Mumiani huyu hapa! Amebeba damu ya mtoto!"

Wanasema penye wengi pana Mungu. Siku ile palikuwa na wengi sana. Fimbo ya kwanza ilimpata mama begani, ya pili kichwani, na nikaona ngozi ikifunguka juu ya sikio lake. Damu ya kweli haina wekundu wa juisi. Ni nzito, inateremka taratibu, na inaingia machoni. Alipiga magoti. Akaendelea kusema, "Ni ya ng'ombe, jamani, ni ya ng'ombe wenu," na kila aliposema walimpiga teke la mdomo, hadi maneno yakawa mapovu. Mimi nilishikwa nywele na mwanamke ambaye jana yake alinipa karanga. Tairi likaja likibiringishwa kutoka kwenye mkokoteni. Kisha likaja dumu la petroli la jenereta ya Frenki, limebebwa na yule kijana aliyecheka kuliko wote kibandani, naye akammiminia mama kuanzia kichwani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Watu walitafuta kiberiti.

Baba Yusta aliingia kwa fimbo. Hakuomba njia, aliwachapa watu magotini, akawachapa vidoleni, akasimama juu ya mama.

"Damu hii ni ya ng'ombe wangu. Nimewashika pembe mwenyewe."

"Umehongwa!" wakamjibu, na jiwe likampasua shavu.

Ndipo akainama, akachukua kichupa, akang'oa kizibo kwa meno. Damu ilikuwa imeanza kuganda, akaigonga kwenye kiganja ili itoke.

Na hapo mama alipiga ukelele. Hakuwa amepiga ukelele wa namna ile kwa fimbo wala kwa petroli.

"Usinywe! Baba Yusta, nakusihi, usinywe!"

"Nyamaza, Mama Koku," alisema, akalamba kiganja.

"Kwa nini asinywe?" mtu akadakia. "Mnaona? Si ya ng'ombe!"

"Ni mali ya serikali," akasema Baba Yusta, akang'oa kizibo kingine. Akalamba, akakunja uso. "Huyu ni yule mweusi wa pembe moja. Damu chungu, kama roho yake. Kuna Mgogo hapa asiyejua ladha ya ng'ombe? Aje nimpake mdomoni."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akacheka. Mwenye kiberiti akakirudisha mfukoni polepole, kama aliyekuwa anatafuta kitu kingine. Mtoto alionekana mchana uleule, amelala kwa shangazi yake. Hakuna aliyeomba radhi. Waliomfunga mama kitambaa kichwani ni walewale, na tairi likarudi kwenye mkokoteni.

Kwa miaka mingi niliilaumu ile filamu. Lakini waliizomea wenyewe, msomaji wangu. Hofu walikuja nayo kutoka majumbani kwao.

Kwa miaka hiyohiyo nilimwonea mama haya kidogo, kwamba anakaribia kuchomwa moto huku analilia vichupa vya kazi. Baadaye Baba Yusta alianza kuugua homa za kuja na kuondoka, viungo vikamvimba, mgongo ukapinda, ng'ombe wakachungwa na wengine. Mama alimpelekea dawa kila alipopata nafasi, nami nikadhani ni shukrani tu. Mpaka tulipotoka kumzika ndipo aliponieleza. Asubuhi ile zizini alikuwa amemwonya kwamba ugonjwa unaotoa mimba za ng'ombe humwingia mtu kwa maziwa mabichi na kwa damu, na kwamba yule mweusi wa pembe moja ndiye aliyekuwa mgonjwa kuliko wote. Baba Yusta alikuwa ameuliza mara mbili ili aelewe vizuri.

Niliwatazama watu wawili wakigombania nani aumie kwa ajili ya mwenzake, nami nikadhani wanagombania kichupa.