Mkwe Nje ya Ukuta, Sindano Mkononi Mwangu

Miaka ya hamsini hiyo, bwana yangu alikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kupiga sindano kwa dispensari. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini magonjwa niliyajua kwa majina! Surua, ndui, kifua kikuu, nimonia, moyo kwenda mbio. Aliyataja hata akila.

Basi mama yangu huko Kilungu akaanza kukohoa, ana homa, anahema kama amebeba mtungi. Jirani mmoja akasema ni kifua kikuu, atengwe. Mwingine akasema moyo umechoka, hamalizi wiki. Nikaogopa, nikamleta bwana yangu.

Sasa shida. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Na sasa huyu mkwe asikilize kifua cha mama!

"Afadhali nife," mama akasema. "Nivue nguo mbele ya mkwe?"

Bwana yangu akasimama nje, uso ameuelekeza kwa ng'ombe aliyefungwa uani. Akapitisha ule mpira wa kusikiliza moyo kwa tundu la ukuta. Masikio yake huko, mimi ndani nashika ule mwisho wenye chuma.

"Mwambie mama apumue."

"Mama, pumua."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi! Mwambie napumua."

"Anapumua."

"Woi! Huu moyo unakwenda mbio hivi? Ni wa nani?"

Wangu! Nilikuwa nimejiwekea kwanza, nione kama kile chuma ni baridi. Mama akacheka mpaka akakohoa, nikamwekea mgongoni.

"Hapo! Shika hapo!" Akasikiliza sana. "Moyo ni mzima. Kifua kikuu sioni. Ni nimonia. Penisilini, siku tano, matakoni."

Hata ng'ombe aliacha kutafuna.

"Mwambie," mama akasema polepole, "arudi kwake na sindano zake."

Ikabidi nifundishwe mimi, nyuma ya boma. Nilidunga mapapai matatu mpaka yakalia maji. Kisha mama.

"Juu, upande wa nje!" bwana yangu akapiga kelele kutoka kwa ng'ombe.

"Mwambie anyamaze! Anajuaje nimelala vipi?"

Siku ya tano mama aliamka akachota maji mwenyewe. Akanipa kuku nimpelekee bwana yangu.

"Mwambie mkono wake ni mwepesi."

"Mama, aliyekudunga ni mimi!"

"Wewe umeniumiza. Nasema yule wa nje."